Nundu kwenye Nyuzi Sabini na Tano

Delmira alipoulizwa sokoni mumewe hufanya kazi gani, alijibu kwamba hupima maji ya chumvi. Alipoulizwa huyapima nini hasa, alisema, "Kamuulizeni mwenyewe, ila nendeni mmeshakula, maana leo hamtoki."

Jibu hilo lilikuwa la dhihaka, lakini halikuwa la uongo. Nicanor Bértoli alikuwa fundi wa maabara katika taasisi yetu mjini Paraná kwa miaka thelathini na mmoja, na mtu aliyemuuliza kwa heshima alielezwa mpaka mwisho.

Alieleza hivi. Kila chumvi ina kiu yake. Iyeyushe ndani ya maji, nayo itayashika maji yale yasipae kuwa mvuke. Ipo inayoshika kwa nguvu, na ipo inayoshika kwa ulegevu. Ukitaka kujua kiu ya chumvi fulani, chukua vikombe viwili vya fedha. Kimoja kitie maji ya chumvi ya mezani, ambayo kiu yake inajulikana tangu zamani. Kingine kitie maji ya chumvi unayoichunguza. Viweke vyote viwili ndani ya chungu cha shaba, fyonza hewa, funga, kizamishe chungu ndani ya tangi la maji yenye joto lisilobadilika, kisha ondoka. Mvuke utatoka polepole katika kikombe chenye kiu ndogo na kuhamia katika kile chenye kiu kubwa, mpaka vyote viwili viridhike. Baada ya siku nne vitoe, vipime uzito. "Hapo chumvi imeshasema," alikuwa akimalizia. "Kazi yetu sisi ni kutoikatiza maneno."

Alikuwa mtu mfupi, mwenye masharubu yaliyopunguzwa kwa mkasi wa maabara. Kucha zake alizikata kila Jumatatu, kwa urefu uleule. Mbele ya mizani hakuzungumza, kwa sababu pumzi ya mwanadamu ina unyevu, na unyevu una uzito. Katika daftari lake aliandika kila kitu kilichotokea chumbani: saa, hali ya hewa, nani aliingia, nani alitoka. Nimewahi kusoma humo, kwa mwandiko wake uliosimama wima kama askari wa gwaride: "Mlango umefunguliwa na Dk. Larralde. Sekunde nane. Hakuwa na sababu."

Kutokana na namba zake zilikwisha kuchapishwa makala kumi na saba, na jina lake halikuwamo hata katika moja. Mwishoni mwa kila makala walishukuriwa "wasaidizi wa maabara", nao hao wasaidizi walikuwa yeye peke yake. Mimi nilikuwa mtunza maktaba wa taasisi, na makala hizo zote zilipita mikononi mwangu. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Aliyelalamika ni Delmira, na alikuwa na sababu. Kila Jumapili kaka yake, ambaye alikuwa mthibitishaji wa hati na aliyeweka jina lake kwenye karatasi mara arobaini kwa siku, alikuja kula ravioli nyumbani kwao, na kila Jumapili, kabla ya kukunjua kitambaa cha mezani, aliuliza swali lilelile.

"Enhe, shemeji, bado unawaoshea maprofesa vikombe?"

"Ndiyo, shemeji," Nicanor alijibu. "Vya fedha."

Mwaka 1962 mkuu wa taasisi, Dakta Octavio Larralde, alianzisha uchunguzi wa chumvi ya lithiamu inayotoka katika nyanda za chumvi za kaskazini. Larralde alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Mpango wake ulikuwa kupima kiu ya chumvi hiyo katika viwango kumi na kimoja vya ukolezi, kwenye joto la aina sita: nyuzi arobaini na tano, hamsini na tano, na kuendelea hivyo kwa hatua za kumi hadi tisini na tano. Kwa Nicanor hiyo ilikuwa kazi ya miaka miwili. Kwa Larralde ilikuwa sentensi moja.

Mwaka huohuo katibu wa taasisi alitoa waraka wa kupiga marufuku majiko ya umeme vyumbani, baada ya jiko moja kuunguza nyaya za ghorofa nzima. Waraka ulikuwa na hekima, ila haukutaja yerba, majani yetu yanayonywewa kwa maji ya moto kama chai, itanywewaje. Taasisi ile ilikuwa na watu kumi na wanne, kibuyu kimoja na mrija mmoja wa fedha. Saa nne asubuhi na saa kumi alasiri kibuyu kilizunguka kutoka mkono hadi mkono, na aliyekijaza maji alikuwa doña Zulema, mfagiaji wetu, mwanamke aliyeheshimiwa kuliko katibu na aliyejua jambo hilo. Kwa majuma kadhaa alivuka barabara kwenda kuomba maji ya moto kwa mwoka mikate. Siku moja ya mvua alisimama mlangoni mwa maabara, birika mkononi, akilitazama tangi.

"Don Nicanor, hayo maji yako yanachemka?"

"Hayachemki. Yako nyuzi sabini na tano kamili."

"Sabini na tano!" Zulema aliweka mkono kiunoni. "Maji ya yerba yenyewe kabisa! Na mimi nalowa kila siku kwenda kuomba kwa watu kama yatima! Wewe una roho gani?"

"Doña Zulema, lile ni tangi la vipimo."

"Nani kakwambia nitakunywa maji ya tangi lako? Nazamisha birika, maji ya birika yanapata moto, natoa birika. Tangi lako linabaki na vipimo vyake na baraka zake."

Nicanor hakumkubalia siku hiyo. Alikwenda nyumbani, akafanya hesabu ya nusu ukurasa, na kesho yake akafanya jaribio. Alizamisha birika la maji baridi upande wa kushoto wa tangi, akasimama mbele ya kipimajoto, ambacho kilikuwa upande wa kulia karibu na kipashio, akakitazama kwa dakika arobaini bila kukaa. Kipimajoto hakikusogea hata kwa sehemu moja ya mia ya nyuzi. Ndipo alipotengeneza kulabu ya shaba kwa mkono wake mwenyewe, akaifunga kwenye ukingo wa kushoto, na kuandika katika daftari: "Birika halina athari."

Katika miaka thelathini na mmoja hiyo ndiyo sentensi pekee aliyoiandika akiwa amepima upande mmoja tu. Mtu mwingine yeyote pale angeandika sentensi za namna hiyo tatu kabla ya chakula cha mchana.

Yafaa nieleze kwamba birika lilining'inizwa katika majuma ya nyuzi sabini na tano tu. Zulema alilijaribu tangi kwenye sitini na tano, akalirudisha birika akisema hayo ni maji ya kuogeshea mtoto. Kwenye themanini na tano hakujaribu kabisa. Ukilisahau birika dakika tano humo, alisema, yerba imeungua, na yerba iliyoungua hapewi hata adui. Ila kwenye sabini na tano mtu aliweza kulisahau birika saa nzima, na maji yakabaki vilevile, si zaidi wala si pungufu. Hapakuwa na jikoni mjini Paraná penye birika lililopashwa kwa usahihi wa sehemu ya mia. Tulikunywa yerba bora kuliko gavana, na tulijisifu.

Majira yote ya baridi ya mwaka 1963 Nicanor alipima kwenye nyuzi sabini na tano. Alipomaliza joto zote sita na namba zikachorwa, Larralde aliiona nundu. Kwenye joto tano nukta zilipanga mstari laini kama mgongo wa farasi. Kwenye sabini na tano ziliruka juu, zote kumi na moja, kwa sehemu mbili katika mia. Pale chumvi ya lithiamu ilikuwa na kiu kuliko ilivyostahili.

"Don Nicanor, unaona unachokiona?" Larralde alikuwa akizunguka meza na karatasi mkononi.

"Naona nundu, dokta. Sijui imetoka wapi."

"Imetoka kwenye maji yenyewe! Maji yanajipanga upya! Kwenye sabini na tano yanaachana na mpango mmoja, yanashika mwingine. Watu wameyapima maji miaka mia, hakuna aliyeliona hili!"

"Kwenye themanini na tano yanarudi kama zamani?"

"Yanarudi. Hilo ndilo la ajabu."

"Ni la ajabu," Nicanor alikubali.

Larralde alisimama, akamwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Makala hii itatoka kwa majina mawili. Larralde na Bértoli. Nakuahidi."

Delmira alizipokea habari hizo akiwa anachuna kuku. Aliosha mikono, akavaa viatu, akaenda sokoni, ingawa hakuwa na haja ya kununua kitu. Jumapili iliyofuata, kaka yake alipokunjua kitambaa na kuuliza swali lake, alijibiwa na dada yake.

"Kula, kaka. Ukimaliza nitakuonyesha ukuta ambao jina la mume wangu litatundikwa."

Makala ilikuwa ipelekwe Novemba. Mwezi wa Septemba Larralde aliomba nukta tatu za sabini na tano zirudiwe, ili mtu yeyote asiwe na la kusema. Wiki hiyohiyo dada yake Zulema alijifungua mapacha kule Concordia, na Zulema akaenda kukaa naye siku kumi na nne. Hakuna aliyethubutu kushika birika lake. Wanaume wa taasisi walihamia kwenye mkahawa wa kona, wakanywa kahawa na kulaani mapacha.

Katika siku hizo kumi na nne Nicanor alipima nukta mbili. Nundu haikuwapo.

Kwanza alijilaumu mwenyewe. Alikagua mawe ya mizani, akasugua vikombe, akaandaa chumvi upya. Zulema alirudi Jumatatu na picha za mapacha. Birika likarudi kulabuni. Na Ijumaa, nukta ya tatu ilipotolewa tangini, nundu ilikuwa imerudi pamoja naye. Nicanor alikaa mbele ya daftari lake akasoma nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, jibu lilikuwa limo humo kwa mwandiko wake: "Doña Z. hayupo." "Doña Z. hayupo." "Doña Z. amerudi. Birika saa 4:00 na saa 10:00."

Akachukua kipimajoto, akakihamishia upande wa kushoto, akasubiri saa kumi. Birika lilipozamishwa, zebaki ilishuka. Haikushuka sana, lakini mvuke hauhitaji kusukumwa sana. Hukimbilia penye ubaridi kama umande kwenye kioo. Kikombe cha lithiamu kilikaa kushoto siku zote. Mara mbili kwa siku, kwa miezi mitano, birika la yerba lilikuwa limekinywesha maji ambayo hakikuyaomba, na kila Ijumaa saa kumi na moja, saa moja tu baada ya mzunguko wa alasiri, Nicanor alikipima kwa uangalifu mkubwa kabisa.

Alilitoa birika kwenye kulabu.

"Nini tena?" aliuliza Zulema. "Halijapata moto hilo."

"Doña Zulema, tumeharibu kazi ya miaka miwili."

"Tumeharibu nani na nani?" Zulema aliangalia nyuma yake, kana kwamba kuna mtu mwingine. "Mimi napiga deki. Kulabu nimefunga mimi?"

"Kulabu nilifunga mimi."

"Aa, hapo sawa. Rudisha birika basi, mambo yenyewe yameshaharibika."

Hakulirudisha. Kwa majuma sita alipima upya kwenye sabini na tano bila birika, viwango vyote kumi na kimoja, akitumia vyungu vya akiba ili vyote viingie tangini pamoja. Taasisi ilianza kununa. Mwoka mikate alikuwa amefunga duka kwenda kutibiwa mgongo, kwa hiyo hapakuwa pa kuomba maji ya moto, na mkahawa wa kona uliuza kahawa tu. Mtu mmoja wa ghorofa ya pili aliacha kumsalimia Nicanor, na mwingine alimsalimia kwa namna iliyokuwa mbaya zaidi. Namba mpya zilipanga mstari laini. Wiki ya tatu tayari alijua mwisho wake, na alilijua jambo la pili pia: bila nundu hapakuwa na ugunduzi, na bila ugunduzi Larralde hakuwa na sababu ya kuandika majina mawili.

Delmira alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo nundu ni kubwa kiasi gani?"

"Sehemu mbili katika mia."

"Mbili katika mia! Nicanor, yule mchinjaji ananiibia kumi katika mia kila Jumamosi, na Jumapili anapokea komunyo mbele yangu!"

"Mchinjaji hachapishi."

"Na nani atajua? Mimi siwezi kusema. Zulema?"

"Zulema atasema. Lakini si hilo."

"Basi ni nini? Nimeshamwambia kaka yangu. Nimeshawaambia sokoni. Nimemwambia padri!"

"Mke wangu, mtu wa nchi nyingine atafungua jedwali lile, atachukua namba yangu, ataifanyia kazi yake. Ataamini kwamba kiu ni ile."

"Na ukisema, jina lako litakuwa wapi?"

"Halitakuwapo."

Delmira aliinuka, akampakulia supu isiyo na chumvi hata chembe, akaiweka mbele yake. "Haya," alisema. "Pima na hiyo."

Nicanor alikwenda kwa Larralde siku ya Jumanne, akiwa na daftari mbili na mchoro mpya. Larralde aliutazama mchoro kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote tangu nimfahamu. Haya nayaandika kama Nicanor alivyonisimulia, naye hakuwa mtu wa kuongeza.

"Doña Zulema alikuwa wapi majuma yale mawili?"

"Concordia, dokta."

"Kwa hiyo unachoniambia ni kwamba maji ya dunia nzima hubadili tabia doña Zulema akienda Concordia."

"La, dokta. Ninachosema ni kwamba hayabadili."

Larralde hakucheka. "Muhtasari umeshakwenda Buenos Aires. Kuna kiti cha uprofesa kule, don Nicanor, unajua hilo, na kinangoja makala hii. Sasa unataka nisimame mbele yao niseme kwamba nimegundua birika?"

"Birika nililigundua mimi."

"Sikiliza." Larralde aliziweka karatasi zile chini, akaanza kutembea. "Majuma sita hujanywa yerba. Hakuna aliyekunywa. Watu humu ndani wanagombana kwa sababu ya kalamu. Mtu aliyenyimwa yerba majuma sita, mikono yake hutetemeka. Hilo hata daktari atakuambia. Hujafikiri kwamba vipimo hivi vipya ndivyo vyenye kasoro? Vile vya mwanzo vilifanywa na fundi mtulivu."

Nicanor alinyoosha mikono yake miwili juu ya meza, viganja chini, akaiacha pale. Walitazama mikono hiyo wote wawili. Haikutetemeka.

"Makala itatoka," alisema Larralde hatimaye. "Na jina lako limo. Mimi ni mtu wa ahadi."

"Basi naomba litolewe, dokta."

"Unajua unachokisema? Nafasi hii haitarudi."

"Najua. Na wale wasaidizi wa maabara, kule mwisho kwenye shukrani, nao naomba watolewe."

Akaacha mezani nakala ya namba mpya, iliyopigwa mstari kwa rula, akarudi kuosha vikombe. Kulabu aliifungua akaitupa; Zulema alipewa jiko dogo la mafuta ya taa, ambalo waraka wa katibu haukulitaja.

Makala ilitoka mwaka 1964 kwa jina moja. Ilisomwa, ikasifiwa, na Larralde akakipata kiti chake Buenos Aires. Tulimuaga kwa empanada na mvinyo wa Mendoza, naye katika hotuba yake alisema kwamba sayansi ni unyenyekevu mbele ya maji. Nicanor alipiga makofi kwa muda uleule walioupiga wengine. Nyumbani kwake ukuta ulibaki mtupu, na kaka yake Delmira, ambaye kwa kawaida hakuwa mkatili, alipunguza swali lake. Alikuwa akiutazama ukuta, kisha anasema tu, "Enhe, shemeji?"

"Vya fedha, shemeji," Nicanor alijibu.

Mwaka 1966 maabara moja ya Uholanzi iliyapima maji yale kwa vyombo vya kisasa na haikuona nundu. Waholanzi waliandika kwa adabu kubwa, kwamba huenda tofauti ilitokana na mazingira ya mahali. Miezi mitano baadaye nilifungua bahasha ya jarida la Buenos Aires maktabani, nikakuta ukurasa wa mwisho sahihisho la mistari kumi na mmoja na jedwali dogo chini yake. Nilishuka ngazi bila kuvua miwani ya kusomea, jambo la hatari kwa mtu wa umri wangu wa wakati ule.

"Don Nicanor, soma hapa."

Alikausha mikono, akasoma akiwa amesimama. Sahihisho, lililotiwa saini na Larralde, lilisema kwamba nundu iliyoripotiwa kwenye nyuzi sabini na tano haipo. Kwamba ilisababishwa na birika la ujazo wa lita moja na nusu, lililokuwa likipashwa moto ndani ya tangi, upande wa kushoto, kinyume cha taratibu, na fundi N. Bértoli, na kwamba namba sahihi, zilizopimwa baadaye na fundi huyohuyo, zilikuwa hizi zifuatazo. Zilifuata namba kumi na moja. Zilikuwa ni zile za majuma sita, za mikono iliyodhaniwa inatetemeka. Larralde alikuwa ameitunza ile nakala.

Zulema alisomewa, akatupa kitambaa cha deki ndani ya ndoo hata maji yakaruka. "Kinyume cha taratibu! Mtu mzima hana haya! Na yeye si alikuwa anakunywa?"

"Alikuwa wa pili kwenye mzunguko," alisema Nicanor. "Imo kwenye daftari." Alikuwa bado anasoma. Alitoa penseli, akapitia namba moja baada ya nyingine, akiweka alama ndogo kando ya kila moja. "Zote kumi na moja ni sahihi. Hawakukosea hata tarakimu." Kisha akaiweka penseli chini, na mimi, nikidhani ameumia, nikaanza kusema maneno ya kufariji. Alinikatiza.

"Birika si la lita moja na nusu."

Delmira alilipokea jarida jioni, akalisoma akiwa amesimama mlangoni ili apate mwanga.

"Jina lako limeandikwa," alisema.

"Limeandikwa."

"Wamekuita fundi au mhalifu?"

"Vyote viwili, mstari mmoja. Wanabana nafasi."

Delmira alifikiri kidogo, akaenda kutafuta nyundo. Ukurasa ule ulitundikwa nyuma ya kioo pale ukutani, na Jumapili kaka yake aliusoma wote, pamoja na jedwali, akiwa ameshika kitambaa mkononi. Alipofika mwisho alisema kwamba kisheria maandishi yale ni ungamo. "Na namba?" aliuliza Delmira. Kaka yake alisema kwamba kuhusu namba hana mamlaka, akaketi, akala.

Wakati huo Nicanor alikuwa ameshamwandikia mhariri wa jarida. Alikuwa amelipima birika likiwa tupu na likiwa limejaa, mara tatu, kwenye nyuzi ishirini, akapata lita moja na sehemu mia mbili arobaini na saba za elfu, akaomba sahihisho lisahihishwe. Mhariri alijibu kwa mistari miwili: ujazo wa birika hauathiri hitimisho. Nicanor alinionyesha barua hiyo maktabani akiwa amefadhaika, na katika miaka yote niliyomjua hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona amefadhaika.

"Anasema hauathiri! Kwa birika la lita moja na nusu nundu ingekuwa mbili na nukta nne katika mia. Tuliipata mbili. Mtu makini akikaa akapiga hesabu ataona havilingani, na atasemaje? Atasema watu wa Paraná hawakupima."

"Don Nicanor, ni nani atakayekaa apige hesabu ya birika?"

Alinitazama kwa huruma, akavuta kiti, akaniomba karatasi ya maktaba yenye nembo, akaanza kuandika barua ya pili. Ilikuwa na kurasa nne na mchoro wa birika. Niliipeleka posta mwenyewe.